Njia ya Kawaida ya Kwenda kwa Shosho

Neno lililokaribia kuifunga baa ya Shosho lilichorwa bila malipo, na aliyelichora ndiye aliyekuwa akipiga gitaa katika baa hiyo kila Jumapili alasiri. Ninaanza hapa kwa sababu pale sokoni bado wapo wanaosimulia kwamba baa ilitaka kufungwa na kanisa, au na wakubwa wa Nyeri, au na mimi. Kwamba nilihusika, nakubali. Lakini neno lenyewe halikuwa langu.

Soko letu liko juu kidogo ya Kiriaini, mahali ambapo kahawa inaisha na majani chai yanaanza. Lina safu moja ya maduka ya mawe yaliyoshikana ukuta kwa ukuta, bila hata upenyo wa paka, na baa ya Shosho iko katikati ya safu hiyo. Shosho ni mama wa mama yangu. Mumewe aliifungua baa hiyo Uhuru ulipoingia, na alipofariki, yeye aliendelea kuifungua kila siku kana kwamba marehemu alikuwa ametoka tu kununua kuni. Kaunta ni ya mwerezi, na ina mabonde mawili mahali ambapo viwiko vya vizazi vitatu vimelala. Mbele ya kaunta kuna wavu wa chuma wenye tundu la kupitishia chupa. Jikoni, upande wa nyuma, hupikwa supu ya kichwa na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu ambao hukatwa vipande ukiwa bado unatoa mvuke, na siku za Jumapili hupondwa mukimo wa viazi, mahindi na majani ya maboga. Ukiagiza bia, Shosho atakuuliza kama unataka baridi au moto. Wazee wote husema moto, maana yake chupa iliyokaa rafuni. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka hadi verandani, chupa ya rafuni huwa baridi kuliko ile ya ndani ya friji, lakini sijawahi kumsikia mzee akibadilisha agizo lake.

Mimi situmii pombe. Nilirudi nyumbani kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada ya elimu na imani kubwa kuliko shahada yenyewe. Katika mwaka wangu wa mwisho niliandika tasnifu ndefu kuhusu madhara ya ulevi katika nyanda zetu za juu, na niliiandika kwa kompyuta iliyonunuliwa kwa bia. Nililijua hilo nilipokuwa nikiandika. Lilinisumbua katika kila ukurasa, na sikulitaja hata katika ukurasa wa shukrani, ambamo nilimtaja Shosho kama mfanyabiashara.

Niliazimia kulipa deni hilo la dhamiri kwa kufungua chumba cha kusoma kwa ajili ya watoto wa sokoni. Chama cha wakulima kiliniazima ghala lake kuukuu la kahawa, lililokuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na baa. Nilitengeneza mabenchi, nikapanga vitabu nilivyoomba huku na kule, nikachimba mashimo mawili kwenye pengo la ua wa miiba ya kayaba na kusimamisha lango. Walikuja watoto sita, na nilifurahi nao mno. Nilikuwa nimejipa mwaka mmoja wa kazi hiyo, kisha niende mjini kutafuta ajira.

Kilichobaki kilikuwa kibao. Nikamwendea mpiga gitaa, kwa kuwa siku za wiki yeye ndiye fundi wa mabango ya soko lote. Ng'ombe anayetabasamu kwenye bucha ni wake. Vichwa vya wanawake kwenye saluni ni vyake, na vyote vina shingo moja. Nilimwomba aandike maneno matatu: Chumba cha Kusoma. Alileta ubao mrefu kama kitanda. Maneno yangu yalikuwa yameishia katikati. Nusu ya pili ilikuwa na mlima wenye theluji, mwenge unaowaka, maandishi madogo yaliyosema "Bidii na Mwanga", na chini, kwa herufi kubwa kuliko zangu, neno AKADEMI.

"Hilo neno sikuliagiza," nilimwambia.

"Ubao ilibaki," akasema. "Nikaona ni aibu kuacha nafasi hivyo, kama mtu ameishiwa na maneno. Hiyo sikuchaji."

"Lakini hii si shule."

"Si utaifanya ikuwe. Mtu hawezi peleka mtoto kwa chumba, Mwalimu. Hata kuku iko na chumba."

Ninakiri kwamba alizijua akili za watu wetu kuliko nilivyofundishwa kuzijua. Baada ya wiki chache watoto walikuwa thelathini na wanne. Kisha wakaanza kuja wamevaa sweta za rangi ya damu ya mzee zenye mstari wa manjano shingoni, ambazo akina mama walikuwa wameelewana wenyewe na mfumaji wa sokoni. Niliitisha mkutano. Nilieleza, kwa utaratibu na kwa mifano, kwamba pale palikuwa mahali pa kusoma baada ya masomo, na kwamba hapakuwa shule. Walinisikiliza kwa heshima, wakapiga makofi, kisha mama mmoja akauliza tutafunga shule lini. Jumamosi moja nilichukua rangi nyeupe nikalifuta lile neno kwa mkono wangu. Jumatatu asubuhi nilikuta akina mama saba langoni, wamejifunga leso, nyuso zao zimekunjamana.

"Mwalimu," akasema mkubwa wao, "utuambie ukweli. Watoto wamekosea nini?"

Nilimwita fundi akaliandika upya. Mara hii pia hakutoza chochote, na aliliongezea kivuli.

Leseni ya baa huhuishwa kila mwaka. Afisa anayehusika alikuja kwa Shosho kama alivyozoea, akakagua jiko, akaonja supu, akasimama mlangoni akijipangusa midomo, na ndipo akainua macho akaona ubao wangu ng'ambo ya barabara. Barua ilifika wiki iliyofuata. Shosho hajui kusoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea, tukiwa tumekaa kwenye benchi la verandani. Barua ilisema kwamba baa haiwezi kupewa leseni ikiwa ndani ya mita mia tatu kutoka taasisi ya elimu, na kwamba leseni iliyopo ingekoma mwisho wa mwezi.

"Rudia hapo kwa mita," akasema.

Nikarudia.

"Kutoka hapa mpaka hapo kwako ni ngapi?"

"Hamsini, Shosho. Huenda hazifiki."

Alitazama ng'ambo. "Na nani alikuwa hapa kwanza?"

"Ni wewe."

"Hiyo wameandika?"

"Hawajaandika."

Hakunilaumu. Aliingia ndani akaanza kupangusa kaunta, na nilimsikia akiyapangusa yale mabonde mawili kwa muda mrefu kuliko kaunta nzima.

Nilikwenda ofisini siku ya pili nikiwa nimevaa shati la mahafali yangu. Nilikuwa na hakika kwamba ukweli ukielezwa vizuri kwa mtu mwenye mamlaka, jambo litakwisha. Afisa alikuwa mtu mpole, mwenye sweta ndani ya koti, na alinisikiliza hadi mwisho.

"Iko na kibao?" akauliza.

"Iko."

"Na uniform?"

"Sikuiagiza mimi."

"Sijauliza nani aliagiza. Iko?"

"Iko."

"Watoto?"

"Thelathini na wanne."

Alikunja mikono juu ya meza. "Sasa Mwalimu, ebu nisaidie. Ukiniambia hiyo ni shule, mimi sipei shosho yako leseni. Ukiniambia si shule, basi hiyo ni shule haijasajiliwa, na hiyo nakuja kuifunga leo. Uchague. Mimi sina haraka."

Nilimwambia kwamba hilo halikuwa chaguo la haki. Akakubaliana nami kabisa, kisha akanipa nakala ya mwongozo wa ofisi yake ili nikajisomee. Niliisoma nikiwa nimejikinga mvua chini ya paa la ofisi hiyohiyo. Ukurasa wa nne ulieleza jinsi umbali unavyopimwa: kwa kufuata njia ya kawaida ya mtu anayetembea kwa miguu, kutoka lango la taasisi hadi mlango mkuu wa baa.

Nilirudi na karatasi hizo sokoni kama mtu anayerudi na matokeo mabaya ya hospitali. Wateja wa kudumu walikuwa wamekaa mahali pao. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kutoka posta, na ambaye sote tulimwita Postimasta. Alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi mara tatu, hata karatasi iliyofungiwa nyama. Aliusoma ule ukurasa wa nne mara tatu. Kisha akavua miwani.

"Haijasema mlango ukae wapi," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa. Kwa kuwa maduka yameshikana, hakuna njia ya kupita kando ya baa kwenda nyuma. Anayetaka kufika nyuma yake ni lazima ashuke barabara hadi mwisho wa safu, apite kinu cha posho, ateremke hadi kijito, avuke daraja la mbao, kisha apande kupitia shamba la majani ya napia hadi uani, kwenye jiko. Mlango mkuu ukihamishiwa kule nyuma, shule na baa zingebaki zikitazamana, lakini mtu wa miguu angehitaji safari.

Nilipinga. Nilisimama katikati ya baa ile, mbele ya watu wenye chupa, nikazungumza juu ya roho ya sheria. Nilisema kwamba sheria ile iliwekwa ili kuwalinda watoto na kuona ulevi, na kwamba kucheza na maneno yake ni kuwadhulumu watoto wenyewe.

"Umeongea vizuri," akasema Postimasta. "Sasa niambie. Leo mlevi akitoka hapa, anaonana na nani?"

"Na watoto."

"Tukihamisha mlango, akitoka ataonana na nani?"

Nilitazama upande wa jikoni.

"Na napia," akasema. "Sasa nani anapenda watoto, ni mimi ama ni wewe?"

Nimesoma falsafa ya elimu kwa mihula miwili na hadi leo sijapata jibu.

Shosho alitoa sharti moja tu, kwamba mlango uwe uleule. Ni wa mbao za mwerezi, na mumewe aliuning'iniza kwa mikono yake mwenyewe. Mwashi akaung'oa taratibu, akaubeba yeye na wanaume wanne kwa kuzunguka kote kule, kinu, kijito na napia, akaupachika nyuma, kati ya jiko na banda la kuni. Pengo la mbele alilijenga kwa mawe, akalipiga plasta. Fundi wa mabango aliombwa achore mshale mmoja na neno NYUMA. Nilipopita jioni hiyo, mshale ulikuwepo. Lakini ukuta ulikuwa umebaki na nafasi. Alikuwa amechora mlango: mbao za mwerezi, bawaba, komeo, hata ule mkwaruzo ulioachwa na kreti miaka mingi iliyopita.

Ulikuwa mlango mzuri kuliko ule wa kweli. Wiki hiyo nzima watu waliusukuma. Mzee mmoja aliyeshuka kutoka mashamba ya chai aliugonga kwa ustaarabu, akangoja, akaugonga tena, kisha akaketi kwenye benchi akisema kwamba Shosho amekuwa na madharau siku hizi. Nilimwomba fundi aufute.

"Nimefanya kazi Kagio, nimefanya Kianyaga," akaniambia kwa huzuni ya kweli. "Huo ndio mlango wangu msafi kuliko zote. Na unataka nifute?"

Sikuwa na moyo wa kusisitiza. Upo hadi leo.

Siku tatu baadaye afisa alinipigia simu. Alikuwa amesikia juu ya mlango na hakuwa na neno nao. Alitaka tu kunikumbusha kwamba mwongozo unasema njia ya kawaida, wala si njia iliyotengenezwa kwa ajili ya kupimwa.

"Utaijuaje njia ya kawaida?" nilimuuliza.

"Nitaangalia nyasi," akasema. "Njia ya kawaida haina nyasi. Nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo."

Tulikuwa na siku kumi. Postimasta alichukua uongozi. Aliamuru kwamba kuanzia siku hiyo kila mteja, atoke kokote atokako, aanzie safari yake langoni mwa shule, kwa kuwa ndipo mwongozo ulipoianzia. Waliotoka upande wa chini, ambao nyumba zao ziko kijitoni, hatua chache kutoka mlango mpya, walipanda kilima hadi barabarani, wakagusa nguzo ya lango langu, kisha wakashuka tena hadi walikotoka. Shosho mwenyewe, ambaye chumba chake cha kulala kiko mwisho wa safu ya maduka, alifanya vivyo hivyo kila asubuhi akiwa na fimbo yake. Nilimsihi asijisumbue. Akasema kwamba baa ni yake, na kama kuna mtu ambaye kwenda kwake baani ni kwa kawaida, ni yeye.

Jumapili ilipofika, mpiga gitaa alikataa kukaa ndani akisubiri. Aliiacha spika, akafunga gitaa shingoni, akaja kusimama langoni kwangu saa nane alasiri. Ulipopigwa wimbo wa kwanza, watu walijipanga kwa mugithi, ngoma yetu ya treni, kila mmoja akiweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake. Kwa desturi treni hiyo huzunguka meza za baa, na watu hukanyaga kwa pamoja. Siku hiyo ilishuka barabara, ikapita kinu, ikavuka daraja mmojammoja bila kuachana mabega, ikapanda kwenye napia. Wazee wenye kofia na akina mama waliotoka kanisani walikanyaga nyasi kwa makini ya watu wanaolipwa kwa kila unyasi. Walipofika mlangoni hawakuingia. Waligeuka, wakarudi hadi langoni, wakaanza upya.

Mimi nilikuwa nimesimama langoni nikiwaelekeza wanaoanzia mahali pasipofaa. Ndipo nilipotambua kwamba, katika juhudi za kuiweka baa mbali na shule, nilikuwa nimewakusanya walevi wote wa soko letu mlangoni mwa shule. Nilimweleza Postimasta wasiwasi wangu.

"Hao si walevi," akasema. "Bado hawajafika."

Alhamisi iliyosubiriwa ilifika na ukungu wake. Afisa alikuja saa nne asubuhi akiwa na tepu ya mita hamsini. Aliinama mara kadhaa kuikagua njia. Haikuwa na unyasi hata mmoja. Kwenye napia ilikuwa imepigwa ikang'aa kama sakafu. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaanza kupima, Postimasta akiwa ameshika ncha ya pili, na sisi wengine tukifuata nyuma kimya kama watu wa mazishi. Langoni hadi mwisho wa maduka. Kinu. Kijito. Daraja. Napia. Uani. Shosho alikuwa amesimama kizingitini, mikono yake imeshika kitambaa cha kupangusia.

Afisa aliandika, akajumlisha, akajumlisha tena.

"Mia mbili tisini na sita," akasema.

Kutoka jikoni ilisikika supu ikichemka. Afisa mwenyewe alionekana kuumia. Alikuwa ameinywa supu hiyo kwa miaka mingi. Aliitazama tepu, akanitazama mimi, akashusha sauti.

"Tepu huvutika," akasema. "Na hapo kwa daraja sikuikaza sana. Mwalimu, fomu inataka sahihi ya mkuu wa shule. Wewe ukisaini mia tatu, mimi naandika mia tatu."

Wote walinigeukia. Ilikuwa mita nne tu. Nilimtazama Shosho, na nilijua kile kilichokuwa kizingitini pale: maisha yake yote, mlango wa mumewe, na karo yangu kuanzia darasa la kwanza. Nilijua pia kwamba nilikuwa na watoto thelathini na wanne ng'ambo ya barabara ambao nilikuwa nimewaambia, Jumatano ya wiki hiyohiyo, kwamba namba haibadiliki kwa sababu mtu anaitaka ibadilike.

"Ni mia mbili tisini na sita," nikasema.

"Huyu amesomeshwa na hii baa," mtu akasema nyuma yangu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemweleza mgeni.

"Mwacheni," akasema Shosho. "Kama ni tisini na sita, ni tisini na sita. Ningetaka mwongo ningechukua mmoja hapa ndani, wamejaa. Huyu nililipia."

Sikuweza kumtazama usoni. Niliitazama njia, na macho yangu yakaifuata kurudi nyuma, napia, kijito, kinu, hadi mwanzo wake, ambao haukuonekana kutoka pale lakini niliujua, kwa maana niliuchimba mwenyewe.

"Lango ni langu," nikasema.

Afisa hakuelewa. Nikamwambia kwamba ningelihamisha, mchana huohuo, mbele yake. Alifungua mwongozo, akausoma ukurasa wa nne akiufuata kwa kidole, na Postimasta akausoma naye juu ya bega lake, mara tatu.

"Haijasema lango likae wapi," afisa akakiri. Kisha akaomba bakuli la supu, akaketi.

Ua wa kayaba una miiba ya kutoboa kiatu, na pengo jingine lilikuwa moja tu, upande wa juu, mbele ya choo. Hatukuwa na namna. Wanaume sita walichimba mashimo mapya huku wengine wakizing'oa nguzo, na lile pengo la zamani likazibwa kwa mabati. Watoto walichungulia madirishani na sikuweza kuwatuliza. Nguzo ziliposimama, mpiga gitaa alisema kwamba udongo hautashika bila kukanyagwa kwa mpigo, akapiga wimbo mfupi, na watu wakaukanyaga. Lango jipya lilisimama imara. Anayeingia shuleni sasa alilazimika kukizunguka choo kwanza.

Afisa alipima upya. "Mia tatu na moja," akasema, na watu wakaanza kupeana mikono. Kisha akatazama chini.

Kati ya lango jipya na lile la zamani kulikuwa na mita tano za nyasi. Zilikuwa ndefu na zenye umande.

"Hapa si kawaida," akasema kwa masikitiko.

Hakuna aliyetoa amri. Mpiga gitaa alianza tu, na treni ikajipanga, Postimasta akiwa kichwa chake. Ilikwenda mita tano, ikageuka, ikarudi mita tano, ikageuka. Mashamba yalikuwa yakisubiri watu hao, na kinu kilikuwa kimesimama kwa sababu mwenye kinu alikuwa kwenye mstari. Akina mama saba niliowafahamu walifika kuuliza kwa nini lango limehamishwa. Walipoambiwa, walishika mabega wakajiunga. Afisa alirudi kwa bakuli la pili. Alipotoka akijipangusa midomo, zile mita tano zilikuwa udongo mtupu. Akainama, akagusa kwa kiganja.

"Hii sasa ni kawaida," akasema.

Niliweka sahihi mahali palipoandikwa Mkuu wa Shule. Sikuwa nimewahi kukubali kuitwa hivyo. Kalamu ilipokuwa ikitembea nilielewa kwamba nilikuwa nimekataa kusaini uongo wa mita nne, na kwamba hapa palikuwa na uongo mwingine, mrefu zaidi, ambao ungebaki kuwa uongo endapo nisingekaa nikaufanya kuwa kweli. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kuandikisha shule. Afisa wa elimu aliniuliza jina la shule, nikampa lile lililokuwa kwenye ubao, lote, pamoja na neno lisilolipiwa. Sikuenda mjini tena.

Leseni ilipokuja, Shosho aliitundika nyuma ya wavu, akaniita nimsomee. Nilisoma hadi kwenye umbali.

"Mia tatu na moja," akarudia. "Hiyo moja ni ya nini?"

"Ilizidi tu, Shosho."

"Basi akija mwambie tunaweza mpunguzia."

Wateja bado huanzia langoni kwangu. Siku za Jumapili hukaa hapo wakimsubiri mpiga gitaa, na kwa kuwa hawapendi kusimama bure, wamezoea kuingia ndani na kujisomea magazeti ya zamani. Postimasta amefika rafu ya tatu. Shosho naye huja kila asubuhi kabla ya kengele. Hutoka chumbani kwake, hupanda barabara, hugusa nguzo iliyo mbele ya choo, kisha hugeuka na kuianza ile safari ya kinu na kijito, pole pole, na magoti yake hayako vizuri. Asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa mzito, nilimfuata nikamwambia kwamba imetosha. Leseni iko ukutani, afisa hatarudi hadi mwaka ujao, na jirani amekubali apitie dukani kwake, hatua ishirini tu, hadi uani.

"Nyasi itamea," akasema.

Hakusimama. Nilimtazama akishuka, kisha nikaenda nyuma yake, nikaweka mikono mabegani mwake, na tukaendelea.